Ukurasa wa Kusubiri

1

Zilikuwa zimebaki siku kumi na tisa nistaafu, na kazi niliyopewa ilikuwa ya kusoma. Kusoma tu. Mlango, mfumo wetu wa kupokea maombi ya wananchi, ulikuwa unazimwa mwakani ili uje mfumo mpya, na huko juu kuna mtu alikuwa ameagiza kwamba kila kanuni ya mfumo wa zamani isomwe na aliyeiandika, aeleze inafanya nini, kisha atie sahihi. Nyingi nilikuwa nimeziandika mimi, miaka kumi na minne nyuma, wakati macho yangu yalikuwa mazima na magoti hayajaanza kunigomea. Wenzangu wa enzi zile hawapo. Wawili wamefariki, na mmoja anafuga nyuki Njombe na hapokei simu za kazini.

Nikakaa kwenye chumba cha pembeni, feni inazunguka kwa uvivu, nikasoma.

Mlango ni fomu moja. Kibali cha kujenga, kitanda cha hospitali, shule ya mtoto, kuhamisha kaburi la mzazi, vyote vinaombwa hapo hapo. Ukibonyeza Tuma, fomu yako haiendi kwa mtu. Inapita kwanza kwenye kipangaji, programu ndogo isiyosoma hata neno moja la shida yako. Inachoangalia ni daraja lako, lile ambalo serikali ilikupima ikakupa, basi. Ukiwa daraja la kwanza, fomu inatua mezani kwa ofisa kabla chai yake haijapoa. Daraja la pili ni siku tatu. La tatu linajibiwa na mashine kwa kufuata vitabu, na la nne linajibiwa na mashine ile ile siku ikipata nafasi. Yote hayo niliyaandika kwa mistari kumi na mmoja, na nakumbuka nilijisifu kwa ufupi wake.

Pembeni ya kila mstari kuna kihesabu kinachoonyesha umetumika mara ngapi wiki hiyo. Mstari wa mwisho ulikuwa wa watu wasio na daraja kabisa. Tulipokuwa tunaandika tulidhani watakuwa wachache: mtoto ambaye hajapimwa, mgeni aliyepotea njia, mtu aliyefutwa kwa makosa. Kihesabu kilisema elfu kumi na moja na ushei. Nikadhani kimeharibika. Nikakifungua ndani, nikakuta fomu zote zimetoka kwenye mnara mmoja wa simu, ule wa Ng'ambo ya Reli, na zote zimetumwa Ijumaa, kati ya saa nane na saa tisa mchana.

Ng'ambo ya Reli nilikuwa naijua kwa jina, kama kila mtu hapa mjini. Ndiko walikopelekwa watu wa ziwani baada ya maji kurudi nyuma na vijiji vyao kubaki juu ya matope makavu. Gari la kupima watu na kuwapa madaraja lilipangiwa kwenda huko mara tatu, na mara zote tatu likapelekwa kwingine.

"Shikamoo mama," alisema Elisante Kileo mlangoni. Ndiye mkuu wa kitengo, kijana wa miaka thelathini na minne, mpole, mwenye kuvaa tai hata siku za joto.

"Marahaba. Njoo uone kitu."

Akaja, akainama, akasoma. "Kwa hiyo hizi fomu zinakwenda wapi?"

"Haziendi."

"Namaanisha zinahifadhiwa wapi."

"Elisante, hazihifadhiwi. Kipangaji kinaona mtu hana daraja, kinamwonyesha ukurasa, kinaitupa fomu. Hapo hapo."

Alivuta kiti. Nikamfungulia ukurasa wenyewe aone. *Ombi lako limepokelewa. Namba yako ni* hii na hii. *Tafadhali subiri jibu. Usihame eneo lako la makazi kabla ya kujibiwa.*

"Nani aliandika hivi?"

"Nani tena? Mimi."

Nilimweleza kwa sababu kazi yangu ilikuwa kueleza. Wizara ilikuwa imetuletea maneno yake, maneno mawili tu: *Huna ruhusa.* Nami siku ile, kesho yake Mlango unazinduliwa, nikayatazama maneno hayo nikaona aibu. Mtu amekuja kwako, amebisha hodi, amejieleza kwa urefu, halafu umwambie huna ruhusa akiwa bado amesimama mlangoni? Kwetu Tukuyu hata mtu aliyekuja kuomba kitu usicho nacho unamkaribisha kwanza akae. Kwa hiyo nikaandika kwa adabu. Mkuu wetu wa wakati ule, Mungu amrehemu, akasema ukurasa usio na namba unaonekana kama wa kihuni, uwekewe namba. Nikaweka programu ya kuokota namba yoyote, kuanzia moja mpaka elfu tisa mia tisa tisini na tisa. Sentensi ya kutohama niliinakili kutoka ukurasa wa daraja la tatu ili nisichelewe kulala. Sanduku la kupokelea fomu zenyewe lilikuwa lijengwe wiki iliyofuata. Wiki iliyofuata nikahamishiwa kitengo cha ardhi.

"Na aliyekuja baada yako?"

"Alikuta ukurasa unafanya kazi vizuri. Hakuna aliyelalamika."

Elisante alilegeza tai. Nilimwonea huruma, maana alikuwa bado chuoni wakati naandika ule upuuzi.

"Kwa nini Ijumaa?" aliuliza. "Kwa nini wote saa ile ile?"

"Sijui. Nitakwenda kuangalia."

"Usiwaambie umetoka wapi, mama. Nakuomba."

2

Ijumaa niliazima pikipiki ya umeme ya ofisi na kizibao cha mafundi wa minara, nikaenda. Nilimwambia kila aliyeuliza kwamba nimekuja kukagua mtandao. Katika umri wangu, na mwili huu, nadhani hakuna aliyeamini kwamba napanda minara, lakini walikuwa watu wa staha wakaniacha.

Walikuwa wamekusanyika kwenye ghala la zamani la reli. Ndani wamejaa, nje wamejaa, mpaka juu ya tuta la reli wamekaa watu na simu mikononi. Wamekaa kwa safu, kila mtu juu ya tofali lake, na nilipouliza kwa nini wa mbele wana nafasi pana kiasi kile nikaambiwa hao ndio wenye namba ndogo.

Kiongozi wao alikuwa mwanamume mrefu mkavu aitwaye Bwire, zamani fundi wa injini za boti, sasa mwenyekiti wa namba. Hicho ndicho cheo chake, na alikitamka bila kucheka. Alikuwa na filimbi shingoni na daftari kubwa ndani ya mfuko wa nailoni.

"Kila Ijumaa tunapasha namba, mama fundi," alinieleza. "Ukituma fomu mara moja ukakaa kimya, huko ofisini wanakusahau. Ni lazima uwakumbushe, na wote tuwakumbushe kwa pamoja. Ukikumbusha vizuri, namba inashuka. Ukishuka chini ya hamsini, umekaribia."

"Na ikipanda?"

"Ikipanda kuna sababu. Kuna mtu amelala nje ya eneo, au kuna ugomvi nyumbani. Mwaka juzi mtaa wa tatu walipanda karibu wote. Tukachunguza. Kumbe kuna bwana alikwenda msibani Tabora, akakaa siku nne."

"Mkamfanya nini?"

"Hatukumfanya kitu. Alisemwa. Alihama mtaa mwenyewe."

Nilitafuta pa kukaa. Mwanamke mmoja aliyekaa safu ya katikati akasogea, akanipa nusu ya tofali lake. Alikuwa wa miaka thelathini hivi, na mapajani alimpakata mtoto wa kike mkubwa kuliko watoto wanaopakatwa. Miaka saba, labda minane. Midomo ya yule mtoto ilikuwa na rangi ya zambarau, na alikuwa akihema kama aliyetoka kukimbia, ingawa alikuwa amekaa muda wote ule.

"Karibu mama. Mimi ni Mama Limbu. Jina langu Nyanjige, lakini huku wananiita Mama Limbu."

"Limbu ndiye huyu?"

"Huyu Minza. Limbu ni kaka yake. Alitangulia." Akamtengeneza mtoto kanga mabegani. "Wote walizaliwa na tundu kwenye moyo. Daktari wa zahanati anasema ni la kuzibwa, siyo kazi kubwa, kinachotakiwa ni kibali tu."

Saa nane kamili Bwire akapuliza filimbi. Watu elfu kumi na moja wakainamisha vichwa, wakabonyeza. Niliusikia ule ukimya, na nikajua kitu ambacho hakuna mwingine pale aliyekijua: kwamba kilomita arobaini kutoka hapo, ndani ya seva yenye vumbi, mistari yangu kumi na mmoja inasomwa upesi upesi, na fomu zinatupwa, na ile programu ya kuokota namba inaokota chochote.

Kisha kelele. Watu walisimama, wakaanza kuhamisha matofali. "Nimeshuka!" "Mimi nimepanda, jamani, nimefanya nini?" Bibi mmoja aliyekuwa mstari wa mbele alibeba tofali lake akarudi nyuma, watu wakimpisha, naye hakumtazama mtu. Wanaume wawili walikumbatiana kwa sababu wamepata namba ile ile. Hao wanaitwa pacha wa namba, Bwire aliniambia baadaye, na watoto wao hawaoani. Nilitaka kucheka nikashindwa. Nilipokuwa naandika ile programu nilijua kabisa kwamba namba zitajirudia, na nikaona haidhuru, maana nani atalinganisha?

Nyanjige alikuwa bado anaitazama simu yake. Akanionyesha.

"Mama, hebu nisomee. Naona vibaya, au ni thelathini na nane?"

"Ni thelathini na nane."

"Wiki iliyopita nilikuwa elfu sita." Alianza kulia huku anacheka, akamtikisa mtoto. "Minza! Thelathini na nane!" Waliokuwa karibu wakapiga vigelegele. Bwire akaja mwenyewe na daftari, akaandika, akampa mkono kama anavyopewa bibi harusi.

Niliuliza, kwa kuwa lazima niseme kitu, kama hakuna njia nyingine ya kumtibu mtoto.

"Kuna lori," alisema Nyanjige, akijifuta macho. "Linakuja kila baada ya miezi mitatu kuchukua wagonjwa, linavuka mpaka wa kusini. Huko kuna hospitali haiulizi daraja. Linaondoka Jumanne, saa nne asubuhi. Minza alikuwa ameshaandikwa. Nilikuwa sijaamua, maana ukivuka umehama, na ukihama namba inakufa. Sasa Mungu ameamua. Nitakwenda kesho kumwambia dereva ampe mwingine hiyo nafasi."

"Usimwambie kesho," nilisema. "Ngoja kwanza."

"Ningoje nini tena, mama? Kaka yake tulifika kumi na saba. Unajua kumi na saba? Watu kumi na sita mbele yetu, basi. Akafariki wiki ile ile. Lori lilikuwepo wakati huo pia, mume wangu akasema tumpeleke, mimi nikakataa, nikasema tumeshafika, tusiharibu." Aliitazama tena simu. "Safari hii nimewahi."

Nilikuwa na maneno yote mdomoni. Sikuyasema. Nilisema mtandao uko vizuri, nikawaaga, nikapanda pikipiki, na njia nzima nilijiambia kwamba ni kwa sababu Elisante aliniomba. Uongo mtupu. Niliogopa uso wake.

3

Jumatatu asubuhi nilifika kabla ya wengine nikajaribu njia ya mkato, kwa kuwa sisi watu wa kompyuta hatuachi mpaka tujaribu njia ya mkato.

Nina akaunti za majaribio. Kila mwandishi wa kipangaji anazo: watu wa kubuni wenye madaraja ya kweli, wa kupima kama fomu zinafika zinakotakiwa. Nilichukua mmoja wa daraja la kwanza, nikaandika ndani yake habari za Minza, umri, tundu, midomo, kila kitu, nikabonyeza Tuma. Kipangaji kikaipokea kwa heshima zote na kuipeleka bodi ya hospitali kuu. Huko ikakutana na kipangaji kingine, ambacho sikukiandika mimi, kinacholinganisha daraja na alama za vidole vya mgonjwa mwenyewe. Mtu wangu wa kubuni hana vidole. Jibu lilirudi baada ya sekunde arobaini. *Huna ruhusa.*

Nililitazama lile jibu muda mrefu. Lilikuwa la kikatili na halikuwa na hata salamu. Lakini baada ya sekunde arobaini nilikuwa ninajua kwamba kwa njia hiyo hakuna kitu, na ninaweza kusimama nitafute nyingine.

Elisante alinikuta hapo. Nilimsimulia yote, ghala, matofali, namba thelathini na nane, lori la kesho. Alisikiliza hadi mwisho akiwa amesimama.

"Nibadilishe ukurasa," nilisema. "Niandike ukweli. Inahitaji sahihi mbili, yangu na yako."

"Mama, kaa."

"Nimekaa."

Alicheka kidogo, akakaa yeye. "Nikitia sahihi bila kuuliza juu, nashushwa daraja. Siyo mimi tu, na mke wangu. Ana mimba ya miezi saba. Kitanda chake kimeshapangwa kwa daraja langu." Alisema polepole, bila kujitetea. "Na nikiuliza juu, watakataa. Wale watu wametulia, mama. Kila Ijumaa wanabonyeza, wanarudi nyumbani. Ukiwaambia hakuna kitu, kesho watu elfu kumi na moja wako barabarani. Kuna atakayewapokea?"

"Sijui."

"Kwenye mfumo mpya nitajenga lile sanduku. Naapa. Mwakani watakuwa wanasomwa."

"Mwakani Minza hayupo."

Halafu akaniuliza kile ambacho mimi mwenyewe nilikuwa nimekizunguka tangu Ijumaa. "Na huyo mama ukimwambia, utamwambia nini kuhusu yule wa kwanza?"

Ndipo pagumu hapo. Kama ukweli ungekuwa unamwokoa tu Minza, ningekuwa nimeshausema kule ghalani. Lakini huwezi kumpa mtu nusu yake. Nyanjige anaishi kwa kuamini kwamba Limbu alikosa kwa watu kumi na sita, kwamba alifanya lililo sahihi na bahati ikachelewa. Nikimwambia namba ni upepo, nimemwambia pia kwamba siku ile alipomkatalia mumewe alikataa tiba kwa ajili ya upepo. Ningemwokoa mtoto mmoja na kumrudisha mama yake makaburini kumzika mwingine upya. Nilitamani awepo mtu wa kunikataza kabisa, nirudi nyumbani nikalale.

"Unakula kiapo cha siri ukiingia hapa," Elisante alisema. "Ukikivunja hawatakushusha, mama. Watakufuta. Utakuwa kama wao, huna daraja lolote. Na hayo magoti."

"Najua."

"Mimi sikukuona leo," alisema, akainuka. Mlangoni akageuka. "Pikipiki ina chaji kamili. Niliichomeka mwenyewe."

Nilimalizia kazi yangu ya kusoma. Kwenye sehemu ya maelezo ya mstari wa kumi na moja niliandika: *Mstari huu unatupa fomu na kumdanganya mtu. Niliuandika mimi kwa adabu.* Nikatia sahihi, Sekela Mwandemele, na tarehe. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba ilinibidi nipumzike kati ya jina la kwanza na la pili.

4

Jumanne saa tatu na nusu lori lilikuwa limeshafika, limesimama karibu na kisima, wagonjwa wanapandishwa. Nilimuuliza dereva kama nafasi ya Minza imechukuliwa. Alisema mama yake alikuja Jumamosi kuifuta, lakini hajapatikana wa kuichukua. Watu wanaogopa kuhama.

Nyumba ya Nyanjige ilikuwa ya mabati, safi, mlangoni wamefagia. Alikuwa anafua. Minza alikuwa amelala mkekani kivulini, amejifunika kanga ingawa jua lilikuwa kali.

"Mama fundi!" Nyanjige akasimama, akajifuta mikono. "Karibu, karibu. Mtandao umeharibika?"

"Mimi siyo fundi wa mnara. Natoka ofisi ya Mlango."

Uso wake ukafunguka wote, na nikaona anachodhani. Anadhani nimeleta kibali. Nilisema upesi kabla hajafurahi zaidi.

"Hakuna anayesoma fomu zenu. Tangu mwanzo. Zikifika zinatupwa. Ile namba inaokotwa hovyo na mashine, haina maana, haihesabu watu. Thelathini na nane na elfu sita ni sawa. Mimi ndiye niliyeandika ule ukurasa, na niliuandika vibaya. Lori liko kisimani na nafasi ya Minza bado ipo. Mpeleke sasa hivi."

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, hata kwa ndoo ya maji. Nyanjige hakufanya lolote. Aliniangalia kama mtu anayesubiri niendelee.

"Rudia," alisema.

Nikarudia. Safari hii nilisema taratibu zaidi, na nikamwomba radhi, na neno la radhi likasikika dogo kabisa pale uani. Jirani alichungulia, akaacha alichokuwa anatwanga.

"Hazisomwi," Nyanjige alisema.

"Hazisomwi."

"Za wote."

"Za wote wasio na daraja."

Aligeuka akamtazama Minza, kisha akaangalia upande wa kisimani ambako injini ilikuwa inanguruma. Nilidhani atakimbia kumwandaa mtoto. Badala yake alikaa chini, pale pale kwenye tope la maji ya kufulia.

"Na kumi na saba?"

Nilijua litakuja na bado lilinipiga. Njia nzima nilikuwa nimetengeneza uongo wa kumpa. Ulikuwa uongo mzuri: ningemwambia kwamba miaka minne nyuma kulikuwa na mtu anayesoma, fomu ya Limbu ilisomwa, ikawa imefika mezani, na ni baada ya hapo ndipo mambo yalipoharibika. Ungemtosha maisha yake yote. Nilifungua mdomo kuusema, nikaona ninaandika tena ukurasa ule ule, kwa adabu ile ile.

"Haikusomwa," nilisema. "Hakukuwa na watu kumi na sita. Hakukuwa na mtu yeyote mbele yenu."

Hakulia. Alitoa sauti moja fupi, sauti ya mtu aliyebeba kitu kizito akakitua. Mikono yake ilikuwa bado na povu, ameiweka magotini, viganja juu. Kisimani dereva alipiga honi.

"Mama Minza," nilisema. "Lori."

"Usiniite hivyo. Naitwa Mama Limbu."

"Mama Limbu. Lori linaondoka."

Alijaribu kusimama akafika nusu. Alinyoosha mikono kwa mtoto, ikashindwa kushika hata kanga. Akaitazama mikono yake kwa hasira.

"Mbebe wewe," aliniambia. "Mimi nitakuja nyuma. Na ukishampandisha, usiondoke na hiyo pikipiki yako. Unakwenda kwa Bwire. Utayasema haya yote mbele ya watu, na uyaseme kama ulivyoniambia mimi, hadi hilo la kumi na saba. Kuna wengine humu wamezika."

"Nitasema."

Niliinama, magoti yakalia, nikamwinua Minza. Alikuwa mwepesi kupita nilivyotegemea, na moyo wake nilikuwa nausikia kwenye mkono wangu, unapiga bila mpangilio. Nilitembea haraka kadiri nilivyoweza. Watu walikuwa wameanza kutoka nje ya nyumba zao kututazama, maana hakuna aliyekuwa na namba ndogo kama yule mtoto halafu akabebwa kuelekea kwenye lori. Nyuma yangu nilisikia miguu ya Nyanjige, mara inakimbia, mara inasimama.

Honi ililia tena. Minza akafumbua macho, akaniangalia uso, akaangalia lori.

"Bibi," alisema, "tumeitwa?"

"Hapana, mjukuu wangu. Hatujaitwa. Tunakwenda tu."